Jinsi ya kuyeyusha seli shina za iPS bila kuziua

Wengi wanapoteza seli zao za iPS (seli za kawaida za mwili zilizorudishwa kuwa seli shina) siku ya kwanza tu, wakati wa kuyeyusha, alafu wanalaumu midia (maji ya virutubisho ya kukuzia seli). Andaa kila kitu kabla hujagusa tenki la naitrojeni: sahani iwe imeshapakwa Matrigel (jeli ya protini inayosaidia seli zishike chini), midia isiwe ya baridi, na vaa miwani jamani, kichupa chenye seli zilizogandishwa kikiwa kimeingiza naitrojeni kinaweza kulipuka.

Kitumbukize kwenye maji ya nyuzi 37 ila kifuniko kisiguse maji, kizungushe polepole huku unakiangalia, kikibaki kipande cha barafu kama kichwa cha kiberiti, toa. Usisubiri iishe yote, sababu ile DMSO (kemikali ya kugandishia) iliyozilinda seli na barafu ikishapata joto inaanza kuziumiza yenyewe.

Futa kichupa kwa spiriti ya asilimia 70, hamishia seli kwenye tyubu, alafu ongeza midia tone kwa tone huku unatikisa, hapa ndo watu wana haraka, wanamwaga yote kwa mpigo na seli zinavimba zinapasuka. Zungusha kwenye sentrifuji kwa nguvu ya 200 g (mara 200 ya mvutano wa dunia) dakika 5, mwaga maji ya juu, weka midia mpya yenye dawa ya Y-27632 mikromola 10, hiyo inazizuia zisijiue zikiwa zimetengana. Pipeti taratibu, unataka vishada vidogo sio seli mojamoja.

Kesho yake badilisha midia, Y-27632 itoke. Ukikuta zingine zinaelea usipaniki, hizo zimekufa, we angalia zilizoshika chini.