Siku ya kwanza Guangzhou na mvua inapiga: namna ya kuzunguka bila kumaliza hela

Wadau wa Arusha na Moshi mnaopanga kwenda Guangzhou kule China, iwe kutembea au kuangalia mzigo, jueni hili mapema: kuanzia mwezi wa nne mpaka wa tisa ule mji unanyeshewa kwelikweli, na mwezi wa nne ndo maonyesho ya biashara ya Canton yanaanza kwa iyo watu wengi wanafika kipindi icho icho. Unaiacha masika KIA, unaikuta nyingine kule. Sasa wengi wakiona mvua siku ya kwanza wanajifungia gesti wanalala, na hapo ndo unajiharibia safari, maana wenzetu wako mbele masaa matano, saa moja asubuhi ya kule kwa mwili wako ni saa nane usiku, ukilala mchana basi usiku unakodoa macho na kesho yake hunyanyuki. Toka. Guangzhou imejengwa na watu wanaoijua mvua, ukijua pa kupita unazunguka kutwa nzima na kinacholowa ni miguu tu.

Kazi kubwa inafanyika huku nyumbani, na inafanyika kwenye simu. Pakua Alipay na WeChat, zile app wanazolipia kila kitu kule, ukiwa bado hujaondoka, jisajili kwa pasipoti, unganisha kadi yako ya Visa au Mastercard, alafu pita benki uwaambie waifungulie kadi malipo ya mtandaoni na ya nje ya nchi, usije ukagundua imefungwa wakati umesimama kaunta na foleni iko nyuma yako. Namba ya uthibitisho inakuja kwa meseji kwenye laini yako ya Tanzania kwa iyo hiyo laini ibaki kwenye simu na iwe inapokea meseji nje. Kwa Alipay malipo yasiyozidi yuan 200 (yuan ndo hela ya China) hawakati kitu kwa kadi ya nje, ikizidi hapo wanakata asilimia 3, so kwa nauli na msosi uko salama kabisa. Bado beba noti ndogondogo, maana basi la mjini ni yuan 2, unadumbukiza kwenye boksi pale mbele na hakuna konda wa kukurudishia chenji.

Google, WhatsApp na Instagram hazifunguki kwa mtandao wa kule. Ukitumia laini ya nyumbani iliyowashwa huduma ya nje, au eSIM (laini ya ndani ya simu isiyo na kadi) ya wasafiri uliyonunua kabla, zinafunguka, ila waifai ya gesti usiitegemee kwa hilo. Ramani tumia Amap, ina Kiingereza. Na piga skrinishoti ya jina na anuani ya gesti kwa herufi za Kichina, hiyo picha ndo itakurudisha nyumbani siku mtandao umegoma, unamwonyesha dereva teksi basi. Pawabenki ijae. Simu ikizima kule huna ramani, huna nauli, huna chakula, vyote viko humo humo.

Mavazi sasa. Mvua ya Arusha inakuja na baridi, unavaa sweta na koti. Ile ya Guangzhou ni ya joto, hewa nzito, ukivaa koti zito la mvua unalowa jasho kabla hujalowa maji. Beba mwamvuli wa kukunja na bukta au suruali nyepesi, miguuni vaa sendo za plastiki zenye kamba nyuma au yeboyebo zinazoshika chini vizuri, kwa sababu vigae vya pembeni mwa barabara vikilowa vinateleza vibaya sana. Raba ziache. Zikilowa hazikauki, kipindi kile hata kuta za ndani zinatoa jasho. Pasipoti weka kwenye mfuko wa nailoni uufunge vizuri ukae kifuani, sio mfuko wa nyuma.

Njia ninayoipenda kwa siku ya mvua ni hii, na karibu yote iko kwenye laini namba 1 ya metro, treni za mjini. Tuseme umefikia maeneo ya Xiaobei ambako Waafrika wengi wanafikia. Panda laini namba 5 kituo kimoja mpaka Guangzhou Railway Station, badili laini namba 2 mpaka Gongyuanqian, badili tena laini namba 1 ushuke Chen Clan Academy. Nauli inaanzia yuan 2. Mashine ya tiketi ina Kiingereza, inakutemea tokeni ya plastiki ya duara, ndogo, unaigusisha getini unapoingia na unaidumbukiza kwenye tundu unapotoka, kwa iyo usiiweke pamoja na makaratasi ukaja kuitupa. Begi linapita kwenye mashine ya ukaguzi kila stesheni. Alafu jambo ambalo watu hawaliangalii kabisa: kila stesheni ina milango ya kutokea yenye herufi A, B, C, D, angalia herufi yako kabla hujapanda ngazi, maana ukitokea mlango usio wako unajikuta upande mwingine wa barabara yenye njia nane na mvua inakumwagikia.

Chen Clan Academy ilimalizika miaka ya 1890, familia za ukoo wa Chen kutoka Guangdong nzima walichanga wakajenga (Wachagga hapo habari ya ukoo kuchanga hamuhitaji kuelezwa), vijana wao walikuwa wanafikia pale wakija mjini kwa mitihani ya serikali. Kiingilio yuan 10. Nyua zake zimeunganishwa na vibaraza vyenye paa, unaizunguka yote huku mvua inaanguka katikati ya ua, na ukiinua macho juu ya paa kuna safu ya sanamu za udongo wa rangi, watu, simba, maua, zimebanana mwanzo mpaka mwisho. Kaa hapo saa nzima, usikimbie.

Ukimaliza panda kituo kimoja tu, Changshou Lu, uende mtaa wa Shangxiajiu. Huku nyumba za zamani ghorofa zake zimetokeza mbele zimebebwa na nguzo, chini watu wanapita, duka baada ya duka, na mwamvuli unaufunga kabisa isipokuwa kwenye kuvuka vichochoro. Kula huku. Changfen, ile ya unga wa mchele inayopikwa kwa mvuke na kukunjwa, ni bei rahisi na inashibisha asubuhi, sema uliza ndani kuna nini maana nguruwe anawekwa sana, wasiokula wachague ya ng'ombe au ya mayai, au watafute mgahawa wa tambi za Lanzhou wenye kibao chenye maandishi ya Kiarabu. Ukikaa mgahawa wa kienyeji wakakuletea chai na bakuli kubwa tupu, chai ya kwanza suuzia kikombe, bakuli na vijiti, mwaga humo kwenye bakuli kubwa, ndo utaratibu wao, ya pili ndo unakunywa.

Mvua ikipoa, kituo kinachofuata ni Huangsha, unavuka kwenda kisiwa cha Shamian, miti mikubwa na majengo ya zamani ya Wazungu, bure. Isipopoa achana nacho.

Pikipiki za umeme hazina mlio na zinapanda mpaka pembeni wanapotembea watu, kwa iyo ukiwa umeinamisha mwamvuli geuka nyuma kabla hujahama upande. Na ukisikia tahadhari ya mvua imekuwa nyekundu, ahirisha. Mwezi wa tano 2020 maji yaliingia mpaka stesheni za laini namba 13 wakasimamisha treni, ule sio utani.

Jioni ukirudi oga, alafu kwenye rimoti ya kiyoyozi tafuta alama ya tone la maji, hiyo inakausha hewa, tundika nguo karibu nacho uache kiwake usiku kucha, ukizianika dirishani utazikuta asubuhi mbichi vilevile.