Somo: Kusoma itifaki za usalama wa mtandao, kitabu mkono mmoja na pakiti mkono mwingine

Wakuu, mmeniomba somo hili muda mrefu, leo nimepata wasaa. Itifaki ni kanuni ambazo kompyuta hufuata zikiongea, na pakiti ni vipande vya data vinavyosafiri kati yao. Mimi ni fundi wa mitandao hapa Dar. Nilianza na kitabu cha mtumba nilichonunua kwa wauza vitabu wa pembeni mwa barabara pale Posta. Miezi mitatu, kila usiku nikitoka kazini, nilisoma hadi nikazikariri kurasa za SSL, itifaki ya zamani ya kuficha mawasiliano ya tovuti. Siku nilipofungua Wireshark, programu ya kuonyesha pakiti zinazopita, nyumbani Mbagala, nilichokiona hakikufanana na kitabu hata kidogo. Iliniuma sana.

Hatua ya 1. Kabla ya kuuliza bei, tazama mwaka. SSL 3.0 ni ya 1996. Mrithi wake ni TLS: TLS 1.2 ni ya 2008, TLS 1.3 ilitoka Agosti 2018. Kitabu cha kabla ya hapo bado kinafaa kwa misingi kama TCP (itifaki ya kuunganisha kompyuta mbili kabla data haijapita) na anwani za IP, ila sura yake ya TLS isome kama historia. Zamani kivinjari kiliweza kufunga siri kwa ufunguo wa hadharani wa seva, wa aina iitwayo RSA, na kuituma. TLS 1.3 imeuondoa mtindo huo kabisa, nao ndio pekee niliokuwa nimeukariri.

Hatua ya 2. Anza na TCP: SYN (mteja, yaani kompyuta yako, anabisha hodi), SYN-ACK (seva inaitikia), ACK (mteja anathibitisha). Usipojua nani anabisha hodi na nani anaitikia, huko mbele utapotea. Siku mbili zinatosha.

Hatua ya 3. Soma kurasa tano za itifaki moja, funga kitabu, uchore. Mstari wa kushoto mteja, wa kulia seva, mishale katikati. Mkono ukisita, hapo hujaelewa. Rudi kitabuni.

Hatua ya 4. Hii ndiyo roho ya somo. Washa Wireshark kwenye kompyuta yako, fungua tovuti yoyote, kwenye kichujio andika tls, kisha bonyeza Client Hello, salamu ya kwanza ya mteja kwa seva. Kwenye namba za chini tafuta 16 03 01. Namba hizo ni za heksadesimali (hesabu ya msingi wa 16), hivyo hiyo 16 kwa hesabu ya kawaida ni 22, alama ya ujumbe wa kusalimiana. Halafu 03 01 ni TLS 1.0! Usishtuke. Imeachwa hivyo ili vifaa vya zamani vya njiani visiikatae pakiti. Toleo la kweli limo ndani zaidi, kwenye supported_versions: 03 04, yaani TLS 1.3. Ukiwa hapo tafuta na jina la tovuti. Mara nyingi linasomeka wazi, ingawa baada ya jibu la seva (Server Hello) karibu yote yatakayofuata yamefichwa. Ukiona kila kitu kinapita UDP (njia nyingine badala ya TCP) kwenye mlango namba 443, hiyo ni QUIC, itifaki mpya zaidi yenye TLS ndani yake. Jaribu kwanza tovuti nyingine.

Hatua ya 5. Ukishachora na kuona, ndipo ufungue RFC 8446, hati rasmi iliyoweka TLS 1.3 mwaka 2018 (RFC ni hati za kanuni za mtandao). Ni bure. Ipakue mara moja uisome bila bando.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Asante kwa somo, mkuu. Hesabu zinanitisha. Nitaweza kweli?

Jibu: Utaweza. Chukua karatasi tufanye Diffie-Hellman, njia ya mwaka 1976 ya watu wawili kupata siri moja bila kuituma. Tunakubaliana hadharani namba 11 na 2. Siri yangu 4: 2 kwa kipeo cha 4 ni 16, gawa kwa 11, inabaki 5. Nakutumia 5. Siri yako 7: 2 kwa kipeo cha 7 ni 128, inabaki 7. Unanitumia 7. Mimi napandisha 7 kwa kipeo cha 4, napata 2401, inabaki 3. Wewe pandisha 5 kwa kipeo cha 7, ni 78125, inabaki 3. Sote tuna 3, na haikupita njiani. Kwenye kazi halisi namba ni kubwa mno, ila wazo ni hilihili.

Swali: Kaka, naweza kufanyia mazoezi Wi-Fi ya hosteli? Watu ni wengi, pakiti ni nyingi.

Jibu: Hapana, mdogo wangu. Kunasa mawasiliano ya watu bila ruhusa ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na hao ni wenzako. Tumia kompyuta yako, au mashine pepe mbili (kompyuta za kuigizwa na programu) ndani yake.

Swali: Kiingereza cha hizo RFC kinanishinda.

Jibu: Hata mimi kilinishinda mwanzoni, dada. Anza na maneno ya herufi kubwa. MUST ni lazima, SHOULD ni inapasa isipokuwa una sababu nzito, MAY ni hiari. Pigia mstari kila MUST ya sehemu ya kusalimiana, uiandike kwa Kiswahili chako daftarini. Ukikwama kwenye sentensi, ibandike hapa tuifumue pamoja.