Kuchoma Dhahabu kwa Kigida: Mwongozo kwa Wachimbaji Wadogo

Mchimbaji anayeishika kiganjani kila siku zebaki anayonasia dhahabu, bila kuona dhara lolote, ana sababu ya kutowaamini wanaomwambia kuwa ni sumu. Zebaki ikiwa majimaji hupenya ngozi kwa kiasi kidogo mno, na hata ikimezwa karibu yote hutoka na choo. Hali hubadilika kabisa inapopashwa moto, kwa sababu mvuke wake hauna rangi wala harufu, na karibu asilimia 80 ya ule unaovutwa kwa pumzi hubaki mwilini, ukafika kwenye ubongo na figo, na kwa mama mjamzito ukapita hadi kwa mtoto aliye tumboni. Watafiti waliopima mkojo, damu na nywele za watu wa Rwamagasa, mkoani Geita, katika mradi wa kimataifa wa zebaki uliosimamiwa na UNIDO, shirika la Umoja wa Mataifa la maendeleo ya viwanda, miaka ya 2000, waliona kuwa wenye mzigo mkubwa wa zebaki mwilini ni wale wanaochoma donge la zebaki na dhahabu. Mwongozo huu unahusu hatua hiyo, yaani kuitenga zebaki na dhahabu kwa moto ndani ya chombo kilichofungwa.

Kigida, ambacho wengine hukiita ritoti, ni kichungu cha chuma chenye mfuniko unaobana, na kutoka kwenye mfuniko huo hutoka bomba linalopanda kidogo kisha kuteremka kwa mshazari. Zebaki huchemka kwenye nyuzi joto 357 za Selsiasi, ilhali dhahabu haiyeyuki mpaka nyuzi 1064, kwa hiyo moto wa kawaida wa mkaa uliopulizwa vizuri au wa jiko la gesi hutosha kuigeuza zebaki kuwa mvuke na kuiacha dhahabu chini. Mvuke ukikutana na bomba lililopozwa hurudi kuwa majimaji na kudondoka chomboni. Fundi wa kuchomelea anaweza kukitengeneza kwa viungo vya bomba la maji, ila kama chuma chake kimepakwa zinki, kichomwe kwanza kikiwa kitupu, nje, watu wakiwa mbali, kwa sababu moshi wa zinki nao una madhara yake.

Kazi ya kupunguza sumu huanza mapema zaidi, pale mwaloni, yaani kwenye mfereji wa mshazari wa kuoshea mchanga. Usimwage zebaki ndani ya karasha, mashine ya kusaga mawe, wala juu ya mchanga wote uliosagwa. Pitisha mchanga kwenye mwalo wenye blanketi au zulia, osha kwenye karai mpaka ubaki ule mchanga mzito peke yake, ondoa vumbi la chuma kwa sumaku, ndipo uweke zebaki kidogo kwenye mabaki hayo. Zebaki ikisagwa pamoja na mawe huvunjika kuwa chembe ndogo zisizoungana tena, zikaondoka na maji zikiwa zimebeba dhahabu. Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2020, unaitaja desturi hiyo miongoni mwa nne zinazotakiwa kukomeshwa, pamoja na kuchoma hadharani, kuchoma kwenye makazi ya watu, na kuweka sianidi, kemikali ya kuyeyushia dhahabu, kwenye mchanga wenye zebaki kabla ya kuiondoa.

Baada ya zebaki kukamata dhahabu, likamue donge kwenye kitambaa kilichofumwa kwa kubana sana, ukiwa umevaa glavu, na ukamulie juu ya beseni lenye maji. Hatua hii haifai kuharakishwa, kwa maana kila tone linalotoka hapa ni tone lisilohitaji kuchomwa. Donge lililokamuliwa vizuri bado huwa na zebaki ya karibu nusu ya uzito wake. Lipime kwa mzani ule ule utakaotumia kupimia dhahabu, na uandike uzito huo, kwa sababu utauhitaji mwishoni.

Sasa andaa kigida chenyewe. Paka ndani ya kichungu tabaka jembamba la majivu laini yaliyokorogwa na maji, au chaki iliyosagwa, kisha uliache likauke kabisa, ili dhahabu isigande kwenye chuma. Weka donge, funga mfuniko, na uzibe kiungo chake kwa udongo wa mfinyanzi uliochanganywa na majivu. Zungushia bomba kitambaa kilicholowa maji ya baridi, au lipitishe katikati ya mkebe wa maji, kisha uweke chini ya mdomo wake chombo chenye maji kiasi. Mdomo wa bomba ukae karibu sana na uso wa maji, lakini usizame ndani yake. Kosa hili hufanywa na watu wengi kwa nia njema, wakidhani kuwa kuzamisha bomba kutazuia mvuke usitoroke. Moto unapopungua, hewa iliyo ndani ya kichungu hunywea na kuyavuta maji kupitia bomba. Yakifika kwenye chuma cha moto hugeuka mvuke kwa ghafla na kigida kinaweza kupasuka. Afadhali kuuvisha mdomo huo kitambaa kilicholowa kinachoning'inia hadi kwenye maji.

Mahali pa kuchomea pawe wazi, mbali na jikoni, nyumba za kulala, kisima na vibanda vya mama lishe, na mchomaji akae upande ambao upepo unatokea. Watoto na wajawazito wasiwepo. Barakoa ya kitambaa, au ile ya kuzuia vumbi, haizuii mvuke wa zebaki hata kidogo, na ubaya wake ni kwamba humpa mtu ujasiri wa kuinamia moto. Kinachofaa ni kifaa cha kupumulia chenye kichujio cha mkaa uliotengenezwa maalumu kwa zebaki.

Anza na moto mdogo, kisha uuongeze polepole. Kuta zote za kichungu, pamoja na mfuniko na mwanzo wa bomba, zipate moto, kwani sehemu ya juu ikibaki baridi mvuke utageukia hapo hapo na kurudi chini badala ya kutoka. Kitambaa cha bomba kikianza kufuka, kimwagie maji. Baada ya muda utaona vitone vinavyong'aa vikidondoka, kwanza kwa haraka, kisha kimoja kimoja. Vikikoma, usizime papo hapo. Ongeza moto kwa dakika kadhaa, ligonge bomba taratibu kwa kijiti ili vilivyonasa viteremke, ndipo uutoe moto. Kigida kiachwe kipoe chenyewe hadi uweze kukishika kwa mkono mtupu. Kukimwagia maji kikiwa cha moto huharibu kiungo cha mfuniko, na kukifungua kikiwa na joto ni sawa na kuchoma hadharani.

Ikifika hapa ndipo mzani unapotoa ushahidi wake. Tuseme donge lilikuwa gramu 20, dhahabu imetoka gramu 10 na zebaki iliyorudi ni gramu 8.5. Gramu moja na nusu haipo: ama imenasa ndani ya bomba, ama imetoroka. Gonga bomba tena, na kama haitoki, kagua kiungo cha mfuniko, kwa kuwa kigida kilicho kizima hurudisha zaidi ya asilimia 90 ya zebaki iliyomo kwenye donge. Hesabu hiyo ifanyike mbele ya wenye hisa wote. Wengi hawakikatai kigida kwa kupenda moshi, bali hawataki dhahabu yao ipotelee kwenye chombo wasichoona ndani yake, na hofu hiyo naiona kuwa ya haki, hasa pale ambapo mwenye kuchoma si mwenye duara, yaani shimo la machimbo. Uzito ulioandikwa kabla na baada huwatuliza kuliko mahubiri ya afya.

Malalamiko mengine huhusu rangi. Dhahabu ya kigida mara nyingi hutoka na rangi ya kahawia au weusi weusi, na mnunuzi huitumia rangi hiyo kushusha bei. Sehemu kubwa ya kasoro hiyo hutokana na mchanga mzito ambao haukusafishwa vizuri kabla ya kuwekwa zebaki. Wapo wanaoirudisha kwenye moto wazi ili ing'ae, jambo lisilofaa, kwa sababu dhahabu iliyotoka kigidani bado hubaki na zebaki ya asilimia 2 hadi 5 hivi. Hiyo hutoka sonara anapoiyeyusha, na duka lisilo na bomba la kufyonzea moshi lenye kichujio humdhuru yeye pamoja na jirani zake.

Zebaki iliyorudi ihifadhiwe chini ya maji, ndani ya chupa nene ya plastiki yenye kifuniko cha kubana na iliyoandikwa wazi. Isiwekwe kwenye chupa ya soda, wala kwenye chombo cha alumini, ambacho huliwa nayo. Ikiwa imechoka, yaani inagawanyika vitone visivyoungana, huhuishwa kwa maji ya chumvi na betri ya gari: waya wa hasi uguse zebaki, wa chanya ubaki juu kwenye maji, kwa dakika 10 hivi. Upande wa chanya hutoa gesi ya klorini, kwa hiyo hilo nalo lifanyike nje.

Wenye mchanga mzito uliosafishwa sana wanaweza kuiacha zebaki kabisa. Wachimbaji wa Benguet, nchini Ufilipino, huuyeyusha pamoja na boraksi, aina ya chumvi inayofanya uchafu uyeyuke kwa urahisi na kujitenga na dhahabu, na mjiolojia Peter Appel wa Denmark na wenzake waliwaonyesha wachimbaji wa Tanzania njia hiyo na kuandika matokeo yao mwaka 2010. Inataka uoshaji wa makini na moto mkali zaidi.

Yanabaki marudio, yaani mchanga unaobaki baada ya dhahabu kutolewa. Mchanga uliokwisha kuguswa na zebaki usichanganywe na ule uliotoka mwaloni, bali uwekwe kwenye shimo lake lenye sakafu ya plastiki au udongo wa mfinyanzi, mbali na mto. Anayekuja kuyanunua kwa ajili ya matangi ya sianidi aelezwe kuwa yana zebaki, kwa sababu sianidi huiyeyusha pia, ikaenda na maji hadi kwenye samaki. Uoshaji wa pili kwenye karai hurudisha sehemu ya zebaki hiyo, na mara nyingi na dhahabu kidogo iliyong'ang'ania humo.