Namna ya Kusoma Majina ya Vipimo vya Umeme kwenye Kibandiko cha Kifaa

Unaponunua jiko la umeme Darajani au Chake Chake, ligeuze kabla hujalipa ukitafute kibandiko chenye maandishi kama 230 V, 2000 W. Anza kwa kutazama ukubwa wa herufi. Alama ya kipimo ikianza kwa herufi kubwa, kwa kawaida kipimo hicho kimepewa jina la mtu, na ndiyo maana mita na sekunde, ambazo si majina ya watu, huandikwa m na s.

V ni volti, kipimo cha msukumo wa umeme, kutokana na Alessandro Volta wa Como, Italia, ambaye mwaka 1800 alitangaza betri aliyoiunda kwa kupandanisha visahani vya metali mbili tofauti, kati yake akiweka vipande vilivyoroweshwa maji ya chumvi. A ni ampea, kipimo cha mkondo wa umeme, ya Mfaransa André-Marie Ampère. Majina yote mawili yalipitishwa Paris mwaka 1881.

W inataka utulivu zaidi, kwa sababu ndiyo inayokula fedha zako. James Watt, Mskoti aliyezaliwa Greenock mwaka 1736, hakuwa mtu wa umeme. Alikuwa fundi aliyeboresha injini ya mvuke, na ili wanunuzi waelewe nguvu ya injini zake alizilinganisha na kazi ya farasi, kipimo ambacho leo ni sawa na takriban wati 746. Alikuwa amekwishafariki zaidi ya miaka 60 pale mhandisi William Siemens alipopendekeza, mwaka 1882, kipimo cha nguvu kipewe jina lake. Naona alitendewa haki, kwani wati hupima kasi ya kufanya kazi, iwe ya mvuke, ya mnyama au ya umeme.

Sasa isome kWh ya mita ya tukuza, yaani mita ya umeme wa kulipia kabla; kWh ndiyo tunayoiita uniti: k ni kilo, yaani elfu, W ni wati, na h ni saa. Jiko la W 2000 likiwaka mfululizo nusu saa humaliza uniti moja, ilhali feni ya W 50 huizungukia uniti hiyohiyo saa 20.

Kilo hiyohiyo imo katika kV 33 za kebo ya baharini inayoiletea Pemba umeme kutoka Tanga, yaani volti 33,000.

Unapoandika, usichanganye herufi: MW ni wati milioni moja, mW ni sehemu moja ya elfu ya wati. Kipimo kikiandikwa kwa kirefu, kiandike wati, kwa herufi ndogo. Herufi kubwa mwachie Watt mwenyewe.