Chumba Kimoja Kinaweza Kuhesabiwa Danguro

Ukipangisha vyumba Sakina au Kaloleni, Arusha, anza na kifungu cha 148 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kinachomgusa yeyote anayeweka nyumba, chumba, au mahali pa aina yoyote kwa ajili ya ukahaba. Kwa hiyo, hata chumba kimoja cha uani katika nyumba ya wapangaji wengi kinatosha. Andika kwenye mkataba kwamba chumba ni cha makazi tu na kwamba mpangaji haruhusiwi kukipangisha kwa mwingine. Ukiona mambo yamebadilika, mpe mpangaji notisi ya maandishi, ubaki na nakala, kisha umjulishe mwenyekiti wa mtaa. Tafadhali, usimhukumu binti wa watu kwa sababu ya wageni wake tu.