Namna ya Kuchagua Toleo la Zephyrus G14 Ukiwa Mkazi wa Mtwara

Kila msimu wa korosho unapofika na malipo ya minada kuanza kuingia, vijana wa Mtwara, Masasi na Newala huniuliza swali lile lile kwa maneno tofauti: nina fedha ya kununua kompyuta mpakato ndogo ya gemu, je, nichukue Zephyrus G14 ya miaka ya nyuma kwa bei nafuu, au nivumilie mpaka nipate ya kununua mpya? Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda, na kwa mashine hii usemi huo unastahili kuzingatiwa, kwa sababu ASUS imekuwa ikitoa toleo jipya la G14 kila mwaka tangu 2020, na si kila badiliko lililofanywa linamfaa mtu anayeishi umbali wa zaidi ya kilomita mia tano kutoka Dar es Salaam. Ushauri wangu ni kwamba mwaka wa toleo uwe jambo la mwisho kulitazama. Kwanza tazama kadi ya grafiki iliyomo, yaani sehemu inayochora picha za gemu, RAM (kumbukumbu ya kazi ya kompyuta) inayoweza kuongezwa, hali ya betri na uwezekano wa kutengenezwa hapa hapa tulipo.

Anza kwa kujua unachoonyeshwa, kwa maana wauzaji wengi husema tu kwamba hiyo ni G14 na kutaja bei. Geuza mashine usome namba iliyoandikwa chini yake. Toleo la 2020 huanza na GA401I, la 2021 na GA401Q, la 2022 na GA402R, la 2023 kwa kawaida na GA402X, la 2024 na GA403U, na la 2025 kwa kawaida na GA403W. Herufi inayofuata baada ya hizo huonyesha kadi ya grafiki, na hapo ndipo watu wanapoumia. Mpwa wangu alinunua mashine ya 2020 akiamini kwamba ina kadi ya RTX 2060, kwa kuwa ndiyo aliyoisikia ikisifiwa, kumbe aliyouziwa ilikuwa na GTX 1650 Ti yenye kumbukumbu ya GB 4 tu. Muuzaji hakusema uongo kuhusu jina la mashine, ila alinyamaza kuhusu kilichomo ndani. Kwa hiyo usilipe kabla hujafungua ukurasa wa utendaji katika kidhibiti kazi cha Windows na kusoma jina la kadi kwa macho yako mwenyewe.

Matoleo ya 2020 na 2021 yanafanana sana kwa umbo. Yote mawili yana prosesa za Ryzen zenye nguvu ambazo hadi leo hazijachoka, betri ya wati-saa 76, na uzito wa takriban kilo 1.6. La 2020 katika hali yake bora lina RTX 2060, na la 2021 lina RTX 3060, zote zikiwa na kumbukumbu ya GB 6. Kiasi hicho kinatosha kwa mchezaji wa mpira, wa mbio za magari na wa gemu nyingi za mtandaoni, lakini gemu kubwa za miaka ya karibuni humlazimisha mchezaji ashushe ubora wa picha. Kasoro moja ya matoleo haya mawili husahaulika mpaka mtu afike nyumbani: hayana kamera. Mwanafunzi wa chuo anayetarajia kuhudhuria vipindi au usaili kwa njia ya mtandao ajue kwamba atalazimika kununua kamera ya kuchomeka pembeni na aiingize gharama hiyo katika bei.

Toleo la 2022 lilirudisha kamera, likaleta skrini ndefu zaidi kwenda juu, jambo ambalo mtu anayeandika tasnifu au kusoma jedwali la hesabu ataliona mara moja, na likaweka kadi za kampuni ya AMD, ama RX 6700S ama RX 6800S, zote zenye kumbukumbu ya GB 8. Kwa gemu pekee, hili ndilo toleo ninalolipendekeza kwa mtu mwenye bajeti ya katikati. Kwa anayehariri video za harusi au kuchora picha za pande tatu hali ni tofauti, kwa kuwa programu nyingi za kazi hizo hufanya vizuri zaidi kwenye kadi za NVIDIA, yaani zile za RTX. Mtu huyo atafute toleo la 2023 lenye RTX 4060, yenye GB 8, na ajihadhari na lile lenye RTX 4050, kwa maana hilo humrudisha kwenye GB 6.

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu ndipo penye sababu ya kuandika mwongozo huu. Mtu akiona RTX 4060 katika toleo la 2023 na RTX 4060 katika toleo la 2024, huhitimisha kwamba la 2024 haliwezi kuwa nyuma. Jina la kadi ya kompyuta mpakato halimwambii mtu kiasi cha umeme ambao mtengenezaji ameiruhusu kutumia, na umeme huo ndio unaoamua kasi. Toleo la 2023 huipa kadi hiyo hadi wati 125, ilhali la 2024, ambalo limepunguzwa unene na uzito hadi kilo 1.5, huipa hadi wati 90. Katika gemu nzito, mashine ya zamani inaweza kuipita mpya yenye kadi ya jina lile lile. Mwenye toleo jipya amepata mwili wa alumini, spika bora na skrini ya OLED ambayo rangi zake kwa kweli ni za kupendeza, lakini hakununua kasi zaidi.

Jambo la pili ni RAM. Kuanzia 2020 hadi 2023, sehemu ya RAM ya G14 imechomelewa kwenye bodi na sehemu nyingine ina nafasi moja ya kuchomeka. Ukinunua mashine yenye GB 8 leo, unaweza kuongeza kipande cha GB 16 mwakani baada ya mavuno na ukawa na GB 24. Matoleo ya 2020 na 2021 hutumia RAM ya aina ya DDR4, ambayo fundi anaweza hata kuitoa katika kompyuta iliyokufa, na ya 2022 na 2023 hutumia DDR5, ambayo ni ghali zaidi. Kuanzia 2024 RAM yote imechomelewa, kwa hiyo ulichonunua ndicho utakachobaki nacho, na chipu moja ikiharibika ni bodi nzima iliyoharibika. Anayechagua toleo la 2024 au la 2025 achukue lenye GB 32 tangu siku ya kwanza. Kama fedha haifiki hapo, arudi kwenye 2023 bila kuona haya. Diski ya SSD inabadilishika katika matoleo yote, kwa hiyo udogo wa diski usikutishe.

Sasa hewa yetu. Mtwara, Mikindani na Lindi ni miji ya pwani yenye joto, unyevu na upepo wenye chumvi, na chumvi hiyo haichagui kati ya bati la nyumba na shaba iliyo ndani ya kompyuta. Mashine iliyotumika ikiletwa kwako, angalia skrubu za chini kama zimeshika kutu, kisha mulika tochi ya simu ndani ya matundu ya chaja na HDMI utafute ukungu wa kijani. Ukiuona, iache, hata bei iwe nzuri namna gani. Fahamu pia kwamba matoleo ya karibuni hutumia metali ya majimaji kupoza prosesa badala ya losheni ya kawaida ya joto inayopakwa kati ya prosesa na kipoza joto. Metali hiyo hupitisha umeme, na fundi asiyeijua akifungua mashine na kuipangusa kama anavyopangusa losheni anaweza kuunguza bodi. Muulize fundi wako kwanza kama amewahi kuishughulikia, na akisitasita, mwombe asafishe feni tu bila kung'oa kipoza joto.

Kuhusu umeme, matoleo yote hupokea chaji kupitia tundu la USB-C, na hili ni faraja kubwa kwa walioko Tandahimba au vijijini Nachingwea wanaotumia sola. Chaja kubwa ya gemu huhitaji wati 180 au zaidi, kiasi ambacho inveta ndogo ya nyumbani haikimudu, lakini chaja ya USB-C ya wati 65 hutosha kuandika, kusoma na kutazama video. Usitarajie kucheza gemu nzito kwa chaja hiyo, kwani betri itapungua huku umeichomeka.

Betri ipimwe, isikadiriwe kwa maneno ya muuzaji. Fungua dirisha la amri la Windows, andika powercfg /batteryreport, kisha fungua faili litakalotengenezwa ulinganishe ujazo wa kiwandani na ujazo wa sasa. Ikiwa mashine ya 2021 iliyozaliwa na wati-saa 76 imebaki na 50, basi theluthi moja hivi imekwisha, na hiyo ni hoja halali ya kushusha bei. Ukishainunua, weka kikomo cha chaji kuwa asilimia 80 katika programu ya ASUS iliyomo, hasa kama mashine hukaa kwenye umeme muda mwingi katika joto hili.

Dhamana nayo ina thamani kulingana na mahali ulipo. Mashine mpya yenye dhamana ya Dar es Salaam bado itakudai nauli au gharama ya kuituma kwa basi, na wiki za kusubiri. Mei 2024, mvua zilizoambatana na kimbunga Hidaya zilipokata barabara eneo la Somanga, hata parseli ndogo hazikupita kwa siku kadhaa. Simaanishi kwamba dhamana haina maana. Namaanisha kwamba usilipe nyongeza kubwa kwa ajili yake kabla hujamwuliza muuzaji nani atagharamia usafiri wa kwenda na kurudi, na umwombe ajibu kwa maandishi kwenye risiti.

Mwisho, kabla ya kutoa fedha, omba nusu saa. Chomeka chaja yake halisi, fungua gemu unayoijua vizuri, na uiache iende bila kupumzishwa huku kompyuta ikiwa juu ya meza ngumu, si juu ya kitanda wala mapajani. Joto la prosesa kupanda hadi nyuzi 90 na kidogo si ajabu kwa mashine ndogo kama hii, na feni kuvuma ni kawaida. Kinachotakiwa kukutia shaka ni feni inayokwaruza, picha inayokatika baada ya dakika kumi ilhali mwanzoni ilikwenda vizuri, au mashine kuzimika yenyewe. Muuzaji akikataa kukupa nusu saa hiyo, mshukuru na uondoke na fedha yako, kwa sababu G14 nyingine itapatikana, ila korosho ni hadi mwakani.