SOMO: Kumwingiza jogoo mpya kwa mitetea bila damu

Wafugaji wenzangu, habari za baridi. Huku Nyanda za Juu Kusini mwezi wa sita na wa saba kuku hawatoki mapema. Kule Makete na Njombe wengine wanafunguliwa saa nne, jua likishakolea. Wakibanana bandani muda wote huo wanadonoana, na lawama zote anabebeshwa jogoo. Naomba tusome hili kabla hamjachinja jogoo mzuri kwa hasira.

Kudonoana si ugonjwa, ni cheo. Mnorwei Thorleif Schjelderup-Ebbe aliandika habari zake mwanzoni mwa miaka ya 1920: kuku wa juu anamdonoa wa chini yake, na wa chini harudishi. Mitetea wana ngazi yao na majogoo wana yao. Vyeo vikishajulikana banda hutulia, mdogo anatazamwa tu na anapisha. Ukiongeza au kutoa kuku, vyeo vinapangwa upya. Kwa hiyo kazi yetu ni kuingiza kuku kwa utaratibu na kupunguza vitu wanavyogombania.

Hatua ya 1: Hesabu. Jogoo 1 kwa mitetea 8 hadi 10. Wakiwa 3 au 4 tu atawapanda mpaka migongo inyonyoke.

Hatua ya 2: Umri. Pora, yaani jogoo mchanga, wa miezi minne usimpeleke kwa mitetea wanaotaga. Watamtwanga, na anaweza kukaa mwoga muda mrefu. Mwache akomae, miezi saba au minane hivi.

Hatua ya 3: Mtenge kwanza. Jogoo wa mnadani akae wiki mbili mbali kabisa na wenzake, awe na vyombo vyake. Kideri, ule ugonjwa wa kuambukiza unaofagia kuku, hakina huruma. Hakikisha kuku wa nyumbani wamechanjwa. Ile chanjo ya kideri ya tone la jicho hurudiwa kila baada ya miezi 3.

Hatua ya 4: Wavu. Kisha mweke ndani ya banda lilelile, nyuma ya wavu, kama wiki moja. Waonane, wasifikiane.

Hatua ya 5: Usiku. Mtoe wavuni giza likiingia, umweke kwenye fito karibu na wenzake. Kesho yake alfajiri uwe pale, na hapa naomba umakini. Jogoo mwenye adabu hushusha bawa moja mpaka linakwaruza chini, anamzunguka mtetea kwa hatua fupi za ubavu. Akiona punje anaita harakaharaka, anaiokota na kuiangusha, anamwachia mtetea ale. Mitetea wakigombana anaingia katikati. Huyo mtunze sana! Mitetea wakubwa watamjaribu: kifua kwa kifua, wanaruka mara mbili tatu, mmoja anageuka. Waache. Ila ukiona damu ingilia hapohapo, maana kuku hufuata wekundu na wote watadonoa palepale. Mtoe aliyeumia, safisha kidonda, paka GV (ile dawa ya zambarau ya vidonda), arudi kikikauka.

Hatua ya 6: Nafasi. Vyombo vya chakula na maji viwe zaidi ya kimoja, mbalimbali, ili mkubwa asivilinde vyote. Kwenye fito kila kuku apate sentimita 20. Siku za baridi tundika fungu la chainizi wadonoe hilo.

MASWALI

Mdau wa Makambako: Mwalimu, mtetea mmoja anamzuia mwenzake kula kabisa. Nimtenge huyo mnyonge?

Hapana dada. Mtoe mnyanyasaji, akae peke yake siku nne au tano. Akirudi yeye ndiye mgeni, anaanzia chini. Mnyonge ukimtoa, akirudi atapigwa zaidi.

Mdau wa Mafinga: Wangu hawana jogoo kabisa. Watataga?

Watataga vizuri tu, ila mayai hayataanguliwa.

Mdau wa Tukuyu: Nimebadilisha jogoo Jumapili. Mayai ya wiki hii nikiyaatamisha, vifaranga watakuwa wa jogoo mpya?

Baadhi watakuwa wa yule wa zamani. Mbegu ya jogoo hukaa hai ndani ya mtetea wiki mbili, hata zaidi. Subiri wiki tatu ndipo ukusanye ya kuatamisha. Na umefanya vema kubadilisha, kaka, maana jogoo akikaa miaka atapanda binti zake na ukoo utadhoofika.

Mdau wa Mbalizi: Jogoo wangu ni mzuri kwa mitetea lakini anamrukia mtoto wangu wa miaka mitatu. Nifanyeje?

Mama, mtoe leo. Mtoto wa umri huo uso wake uko karibu na kucha za jogoo, na jicho halirudi. Usimuuze kwa mtu wa kufugia, na mayai yake usiatamishe, kwa kuwa ukali huo hurithiwa. Aende chunguni, kisha tafuta mwingine uanze hatua ya 3.